Semina Imekwisha, Foleni Iko Pale Pale

Hotuba kwa matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, kisiwani Lamu

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa zahanati na vituo vya afya, dada zangu wauguzi, ndugu matabibu, wahudumu wa afya ya jamii: assalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine, hamjambo. Waliotoka Faza na Kizingitini najua wamengoja maji yajae ndipo wakaondoka. Wa Witu na Mpeketoni wameamka usiku kuwahi boti pale Mokowe. Kwa hivyo sitawachosha kwa shukrani ndefu. Wakubwa wote mliopo naomba mjihesabu mmetajwa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha watu wa zahanati na vituo vya afya kutibu kwa kufuata ushahidi, yaani matokeo ya tafiti. Nina neno moja tu, na nitalisema sasa hivi ili atakayesinzia baadaye asikose kitu. Ushahidi tunaufundisha mahali pasipo pake. Tunaufundisha hotelini, kwa slaidi, mbali na mgonjwa, kisha tunashangaa juma linalofuata dawa zikiandikwa vilevile.

Lakini kwanza, kwa nini tujali? Wapo humu ndani wanaoona ushahidi ni mambo ya maprofesa wa ng'ambo. Basi twendeni Kilifi, si mbali.

Mtoto analetwa na homa kali, anahema, mikono na miguu ya baridi, ukimbonyeza kucha damu inachelewa kurudi. Kwa miaka mingi tulifundishwa kumpa maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka, na mantiki yake ilieleweka: damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji. Watafiti wakaamua kulipima jambo hilo katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, Kilifi ikiwa mojawapo. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine wapewe maji ya haraka ya aina moja au nyingine, wengine wasipewe, waendelee na matibabu ya kawaida. Katika saa 48 za mwanzo, kati ya waliopewa maji ya haraka walifariki asilimia 10.6 na asilimia 10.5. Kati ya wasiopewa, asilimia 7.3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na yakawaacha wengi midomo wazi.

Kuna jambo moja katika utafiti ule ambalo ndilo hasa ninalotaka mlishike. Baada ya saa moja, watoto waliopewa maji walionekana na nafuu zaidi kuliko wenzao. Mapigo yalitulia, mikono ilipata joto. Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda angeapa kwamba maji yamesaidia, na angeapa kwa haki, kwa kuwa alichokiona alikiona. Kilichokuja baadaye, usiku, kwenye zamu ya mwenzake, hakukiona. Uzoefu wetu ni mali kubwa, mimi siudharau hata kidogo, lakini una kawaida ya kukumbuka saa ya kwanza na kusahau saa ya arubaini.

Na hapo hapo niweke tahadhari, maana najua mtu ataondoka na nusu ya habari. Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo katika utafiti huo. Mtoto aliyekauka kwa kuharisha bado anahitaji maji, na mwongozo wake mnao. Kujua utafiti ulimhusu nani ni sehemu ya kuusoma, si jambo la kuongezea mwishoni.

Historia nitaipita mbio. Jina hili la tiba ya ushahidi lilianza kuchapishwa mwaka 1991 na Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake wakaeleza kwamba ni mambo matatu yakae pamoja: utafiti bora uliopo, ujuzi wa anayetibu, na anachokitaka mgonjwa mwenyewe. Hatua zake tano mmezikaririshwa: uliza, tafuta, pima, tumia, jikague. Mtihani wa hatua tano kila mtu huupita. Ndiyo maana siuamini.

Sasa tuingie kwenye kufundisha kwenyewe. Kinachonichekesha ni kwamba watu wanaofundisha ushahidi wengi wao hawajauliza ushahidi unasema nini juu ya kufundisha. Na upo. Mwaka 2004 Coomarasamy na Khan walikusanya tafiti zilizopima masomo ya namna hii kwa madaktari waliokwisha kuhitimu. Somo lililotolewa peke yake, darasani, liliongeza maarifa, basi. Lililofungamanishwa na kazi ya kila siku, mgonjwa akiwa pale pale, liliongeza maarifa, ujuzi, mtazamo, na likabadili mwenendo.

Mtaniambia, hao ni madaktari, tena wa nchi zenye nafasi. Haya, turudi nyumbani. Kenya ilifanya utafiti katika hospitali nane za wilaya, ukachapishwa mwaka 2011, juu ya matibabu ya watoto wanaolazwa. Hospitali nne zilipewa mafunzo ya siku tano na nusu, miongozo, mtu wa kuwasukuma aliyekaa hapo hapo hospitalini, usimamizi wa mara kwa mara, na kurudishiwa matokeo yao uso kwa uso. Nne nyingine zikapewa semina ya siku moja na nusu, miongozo, na ripoti ya kuandikwa. Baada ya miezi 18, zile za kwanza zilikuwa zimeziacha nyingine mbali katika namna ya kumpima mtoto na kumwandikia dawa. Hakuna hospitali hapo iliyokosa miongozo. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja mtu aliwarudia akawaonyesha walichofanya, upande mwingine karatasi ililetwa ikawekwa kwenye droo.

Utafiti wa pili naupenda zaidi kwa kuwa ulifika kwetu, kwenye vituo vya mashambani. Ulifanyika katika vituo 107 vya Pwani na magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka huo huo wa 2011. Wahudumu walitumiwa ujumbe wa simu mara mbili kwa siku kwa miezi sita, kuwakumbusha jinsi ya kutoa dawa mseto ya malaria kwa watoto: mpime uzito, mpe dozi ya kwanza hapo hapo, mweleze mama, na mwishoni msemo wa kutia moyo. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa pointi 23.7 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma, ongezeko lilikuwa bado pointi 24.5. Ujumbe wa simu! Hakuna hoteli iliyokodiwa, hakuna posho iliyogombaniwa, na hakuna zahanati iliyofungwa.

Hilo la kufungwa nilizungumzie kidogo, kwa sababu wanaopanga mafunzo wakiwa Nairobi hawalioni. Zahanati nyingi za visiwani zina muuguzi mmoja. Ukimwita semina siku tatu, ongeza siku ya kuja na siku ya kurudi, umemwondolea mama mjamzito wa kijiji kile msaada wake kwa juma zima la kazi. Nimewahi kumsikia mama akisema mlangoni, kufuli iko juu, "Mwenye zahanati kenda kusoma." Alisema bila hasira. Alishazoea.

Posho nayo, tuseme ukweli, imetuharibu. Sisemi watu wasilipwe nauli. Mashua haikubebi kwa thawabu. Nasema mafunzo yamegeuka kuwa sehemu ya mshahara, basi mtu huchagua semina kwa urefu wake, si kwa swali alilonalo. Wengi wetu humu hatukuwahi kuulizwa, kabla ya semina yoyote, ni jambo gani linatusumbua kazini.

Mtoto wa fundi hapa Lamu hapewi mhadhara juu ya kuchonga mlango. Hupewa patasi na kipande cha ubao cha kuharibu, na fundi anakaa karibu akichonga wake. Sasa niwaonyeshe somo la ushahidi la namna hiyo linavyokuwa, nililoliona kwa macho yangu katika zahanati moja kisiwani Pate.

Ilikuwa asubuhi imekwenda, foleni imepungua. Dada muuguzi, mkuu wa zahanati na mhudumu wake pekee, akaniambia: "Mwalimu, hizi tembe za zinki za kuhara watoto wanazitapika. Mama akirudi ananiambia ameacha kumpa. Nifanyeje?"

Nikamuuliza ni watoto wa umri gani. Akasema wa miezi kumi, wa mwaka, wa mwaka na nusu. Unawapa kiasi gani? "Tembe nzima, miligramu 20, kama ilivyo ukutani." Unawaza ulinganishe na nini? Akafikiri. "Na kiasi kidogo kuliko hicho, kama kipo." Na ungependa nini kitokee? "Asitapike, na kuhara kupone kama kawaida."

Nikamwambia aandike. Akachukua boksi tupu la glavu, akaandika mgongoni mwake mistari minne: mtoto gani, dawa gani, kulinganisha na nini, natafuta nini. Pale, bila slaidi hata moja, alikuwa amefanya kile ambacho hotelini huchukua asubuhi nzima, na alikifanya vizuri kwa kuwa swali lilikuwa lake.

Mtandao ulikuwa unashika dirishani, upande wa bahari. Tukasimama pale na simu yake. Tukapata utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyiwa watoto 4,500 wa kuhara wenye umri wa miezi sita hadi kabla ya miaka mitano, Delhi na Dar es Salaam. Waligawanywa kwa kura: miligramu 20, 10, au 5, na si mama wala mhudumu aliyejua nani anapewa kipi. Waliotapika katika kundi la 20 walikuwa asilimia 19.3, kundi la 10 asilimia 15.6, kundi la 5 asilimia 13.7. Na katika kupona kuhara, dozi ndogo hazikuonekana kuwa duni kuliko kubwa.

Dada akafurahi. "Kumbe hawa kina mama hawasingizii." Hilo peke yake lilinitosha, maana siku zote alikuwa akiwagombeza. Kisha akataka kuanza kukata tembe siku ile ile.

Nikamwambia subiri. Hapo ndipo somo linapokuwa gumu, na ndipo walimu wengi wanapokimbia. Utafiti mmoja, hata mzuri, haumpi muuguzi mmoja ruhusa ya kubadili dozi ya wilaya nzima. Lililomo mkononi mwake siku ile ni haya: ayeyushe tembe kwa kijiko cha maziwa ya mama au ORS, ile chumvi ya kuhara ya kuchanganya na maji, ampe mtoto taratibu, na amwambie mama mapema kwamba mtoto huenda akatapika kidogo na asiache. Lililo juu ya uwezo wake alipeleke juu: aandikie ofisi ya kaunti swali lake pamoja na utafiti, ajibiwe. Mwenye kuuliza namna hiyo si mkaidi. Ni mtu anayejua mpaka wa kazi yake na anajua kugonga mlango.

Tukamaliza kwa rejista. Nilimwomba tufungue kurasa za mwezi uliopita za watoto chini ya miaka mitano, tutafute kila mtoto wa kuhara kusiko na damu, tuone wangapi walipewa ORS na zinki, na wangapi waliandikiwa antibiotiki kama Flagyl juu yake. Hesabu yenyewe ni siri ya zahanati, ila haikutufurahisha. Hakuna aliyegombezwa. Yeye mwenyewe aliziona safu zake kwa mwandiko wake, na mwandiko wa mtu ni vigumu kubishana nao.

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa kunionyesha, kwa kuwa wakati ule ule aliingia bibi mmoja na mjukuu wake. Mtoto ameharisha siku mbili, maji matupu, hana damu, anakunywa vizuri. Bibi alipoona pakiti ya ORS akasema: "Mwanangu, nimevuka maji kuja hapa. Nisirudi na chumvi peke yake."

Haya, ushahidi huo hapo, na mgonjwa huyo hapo. Yule dada, ambaye nusu saa nyuma angeandika Flagyl ili mambo yaishe, alivuta kiti. "Bibi, hiyo dawa nyingine haitamkata kuhara, itamchafua tumbo tu. Kinachommaliza mtoto ni maji kumtoka. Tuchanganye hapa hapa, umwone anavyokunywa." Akachanganya, bibi akashika kikombe, mtoto akanywa kijiko kwa kijiko. Bibi aliondoka na pakiti, na tembe zake za zinki, na sura ya mtu aliyehudumiwa. Mwaonaje, hapo palikuwa na utafiti, ujuzi na matakwa ya mgonjwa, yote matatu kwenye kiti kimoja. Na mlango wa zahanati haukufungwa.

Mfano mwingine niuseme kwa sababu unatoka kwa jirani zetu wa Pemba. Majaribio ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga dawa ya kuua vijidudu iitwayo kloreheksidini, yaliyofanywa Nepal na Bangladesh, yalionyesha vifo vikipungua. Shirika la Afya Duniani wakati ule likashauri dawa hiyo kwa watoto wanaozaliwa nyumbani, mahali ambapo watoto wachanga wanaofariki ni 30 au zaidi kwa kila 1,000. Jaribio jingine likafanywa Pemba, kwa watoto 36,911, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliopakwa walifariki 10.5 kwa kila 1,000, waliotunzwa kitovu kikavu 11.7, tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati tu. Zambia nako hawakuona faida ya maana kwa vifo.

Nani mwongo, Nepal au Pemba? Hakuna. Mahali ambapo watoto wengi huzaliwa nyumbani na kitovu hukutana na mengi, dawa ina kazi ya kufanya. Mahali pengine kazi hiyo ni ndogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Kenya na vifo 21 vya watoto wachanga kwa kila 1,000. Basi swali la kumfundisha mkunga wa Matondoni au Kiunga si "dawa hii ni nzuri?" Ni "wale iliowasaidia walizaliwa wapi, mikononi mwa nani, na wanangu hapa wanafanana nao?" Na hapo mhudumu wa afya ya jamii ana elimu kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye anayejua, nyumba kwa nyumba, kitovu hupakwa nini na nyanya wa mtoto.

Vizuizi vipo, sivifichi. Tafiti zimeandikwa Kiingereza kigumu, na muuguzi aliyehudumia watu mchana kutwa hana nguvu ya kusoma kurasa kumi usiku. Sioni haja kila mtu awe msomaji wa tafiti. Kila mtu awe muulizaji, na tuwe na wasomaji wachache wanaolipwa kwa kazi hiyo, mmoja Lamu Mashariki na mmoja Lamu Magharibi kwa kuanzia. Muulizaji atume swali kwa simu, msomaji ajibu kwa Kiswahili, aya mbili, aeleze utafiti ulimhusu nani. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 imeweka mitandao ya huduma inayounganisha hospitali na vituo na zahanati zinazoizunguka. Njia tayari ipo; tuipitishie maswali, isiwe ya kupitishia ripoti peke yake.

Kizuizi kikubwa zaidi ni adabu, na hili ni zito kulisema Lamu. Tumelelewa tusimkosoe mkubwa mbele za watu. Ni malezi mema. Lakini muuguzi akiona tabibu ameandika kinyume cha mwongozo, anafanyaje? Mara nyingi hunyamaza, anatoa dawa. Ninyi matabibu mna dawa ya ugonjwa huu: anzeni nyinyi. Siku moja kwa juma, mbele ya wauguzi wako, sema "dada, hapa mimi sina hakika, tutafute." Ukubwa wako hautapungua hata tone, na wao watapata ruhusa ambayo semina haiwezi kuwapa.

Na wakubwa wa kaunti niwaombe jambo moja lisilo la kielimu. Zinki iwepo. ORS iwepo. Ukimfundisha mtu ushahidi kisha rafu yake ya dawa ina Flagyl tu, umemfundisha kujilaumu.

Nimemaliza kusema, tuanze kufanya kazi. Mwenyekiti alikubali ombi langu kila kituo kije na rejista yake ya watoto ya mwezi uliopita, na naona mmekuja nazo. Baada ya chai tukae wawili wawili, kituo kwa kituo, msikague yenu, kagueni ya mwenzenu. Hesabuni kuhara kusiko na damu, hesabuni ORS, hesabuni antibiotiki. Kila jozi iniandikie swali moja linaloanzia na mgonjwa mliyemwona kweli, kwa mistari ile minne. Majina ya wagonjwa yabaki ndani ya rejista. Boti ya Faza inaondoka saa tisa, kwa hivyo jozi za Faza na Kizingitini zianze kwanza, wengine mnywe chai ya pili.